Gari la Msikiti na Matairi Yake



Wiki hii ukurasa wetu wa familia unaingia gereji. Waliozoea kusoma hapa habari za malezi, mahari na mirathi watatuwia radhi. Jambo lililotukalisha kikao mara tatu baada ya sala ya Isha, likawatenga wazee upande huu na vijana upande ule, halikuwa mahari wala mirathi. Lilikuwa matairi.

Msikiti wetu hapa Rugera una gari moja, Land Cruiser kuukuu la aina ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Tulilinunua likiwa limetumika sana, kwa michango ya miaka mingi, na mwenyewe wa kabla yetu alikuwa amekwisha kulinyanyua: alitia springi ndefu na shokabu ndefu, likapanda kama sentimita 5 kuliko lilivyotoka kiwandani. Gari hilo ndilo linalobeba majeneza, ndilo linalowapeleka walimu kwenye madrasa za vijijini, ndilo linaloamshwa usiku wa manane mama mjamzito anapozidiwa. Siku za walima hubeba masufuria. Ni mali ya wakfu, na sisi tulio katika kamati ni walinzi wake tu.

Masika iliyopita tulichukua janaza kutoka Kayanga kwenda upande wa Nkwenda. Lami tuliiacha vizuri, na changarawe ya barabara kuu haikutusumbua. Tabu ilianza tulipokata kuingia njia ya mashambani, kilima kile chenye migomba huku na huku, mvua ya asubuhi ikiwa imekwisha kuugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Matairi yetu yalikuwa yamebaki karibu vipara. Gari lilipanda nusu ya kilima, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, breki zimeshikwa na magurudumu yote manne yamefungwa, linateleza tu. Lilijikita kwenye ukingo upande wa mlima. Lingekwenda upande wa pili, tusingekuwa tunaandika haya. Tuliteremka, tukalitoa jeneza, tukalibeba mabegani kilomita iliyobaki, na matope yakifika kwenye ndama za miguu. Kaburi lilikuwa tayari tangu asubuhi, wafiwa wamesimama mvuani wanatungoja.

Habari hizo zilimfikia ndugu yetu mmoja anayefanya kazi Muscat. Akatuma fedha kwa sharti moja, kwamba zitumike kwa matairi na si kwa jambo jingine lolote. Jazahullahu khayra. Hapo ndipo mjadala ulipoanza.

Vijana walikuwa na rai yao iliyokwisha iva. Walitaka matairi makubwa ya matope, yale yenye kashata nene zilizoachana kwa nafasi pana, ya kipimo cha 285/75R16, pamoja na rimu pana za aloi zilizochomoza nje ya bodi. Wazee wawili wa kamati walitaka matairi ya mtumba, ili fedha inayobaki iingie kwenye paa la madrasa. Tukawakumbusha sharti la mtoaji, wakanyamaza, ingawa kwa shingo upande. Mzee wa tatu alishauri tununue mawili mapya, yafungwe nyuma, na mbele yabaki yale ya zamani. Katibu akaagizwa aende akaulize mafundi na madereva, kisha arudi na maelezo. Chuoni tulisoma fiqhi ya biashara na ya wakfu. Kusoma ubavu wa tairi hatukufundishwa. Basi tulijifunza ukubwani, na tunaandika hapa kwa sababu tunajua familia nyingi za Karagwe na Kyerwa zina gari la namna hii, la biashara ya ndizi au la kahawa, na nazo huulizana maswali hayo hayo.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Tairi lililoandikwa 235/85R16 lina upana wa milimita 235. Hiyo 85 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana, yaani karibu milimita 200. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, ile ya radiali, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, unapata tairi lenye kimo cha milimita 806. Kipimo hiki kinakaribiana sana na kile cha zamani cha 7.50R16 ambacho mikonga mingi ilikuja nacho. Lile la vijana, 285/75R16, linafika milimita 834.

Baada ya vipimo hufuata namba na herufi. Kwenye tairi tulilolipendelea imeandikwa 120/116Q. Namba 120 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,400. Ile 116 ni kwa gari lenye magurudumu mawili mawili nyuma, haituhusu. Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, mwendo ambao gari letu haliujui na Inshallah halitaujua. Mnunuzi wengi huitazama sura ya kashata na kuipita namba ya mzigo, ilhali yapo matairi yenye sura ya kutisha yaliyotengenezwa kwa magari mepesi. Gari lenye watu kumi, jeneza na magunia mawili ya mchele si gari jepesi.

Sasa tufike penye kiini cha ugomvi, na hapa tunakiri kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumekosea. Tulidhani kwamba gari likinyanyuliwa kwa springi, basi limenyanyuka lote. Fundi mmoja mtu mzima alituinamisha chini ya gari, akatuonyesha kwa kidole: springi zinanyanyua bodi na fremu, lakini ekseli na lile tumbo la difu vinabaki pale pale, kwa kuwa vyenyewe vimekaa juu ya magurudumu. Jiwe la katikati ya njia haligongi bodi, linagonga difu. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake, nalo hunyanyua kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Tofauti ya 834 na 806 ni milimita 28. Nusu yake ni milimita 14. Unene wa kidole. Kwa kidole hicho kimoja tulikuwa tayari kutoa fedha zote na kubadilisha rimu zote.

Na kidole hicho kina gharama zake. Tairi kubwa zaidi huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo saa ya mwendo inapoonyesha 80 gari liko karibu 83. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba injini nayo hufanya kazi kama vile kila gia imekuwa nyepesi nguvu. Na sisi tunaishi kwenye vilima, hatuishi uwandani. Breki nazo hupata gurudumu zito zaidi la kusimamisha. Kisha kuna tairi la akiba, ambalo kwenye gari letu hukaa kwenye mlango wa nyuma. Mlango huo ndio tunaopitishia jeneza. Bawaba zake tayari zimelegea. Anayetaka kuzitundikia tairi zito zaidi na rimu pana aje kwanza siku ya janaza autie bega mlango huo kama tunavyoutia sisi.

Rimu zenyewe tulizijadili usiku mzima. Za gari letu ni za chuma, nyembamba, upana wa inchi 6. Tairi la 285 halikai humo ipasavyo, linataka rimu pana zaidi, ndiyo maana shauri la vijana lilikuja likiwa limefungamana, matairi na rimu kwa pamoja. Rimu zile walizozipenda zilichomoza nje. Zinapendeza, hatukatai. Lakini gurudumu linaposogea nje ya mahali pake, mzigo huvuta beringi kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuiweka karibu na mwili. Na ukikata usukani hadi mwisho, tairi pana husugua bodi au springi. Jingine ni hili: rimu ya chuma ikigonga jiwe hupinda, na fundi wa Omurushaka huinyoosha kwa nyundo, safari ikaendelea. Ya aloi hupasuka, na kuiunga vizuri si kazi ya kila kijiji. Nati zake pia mara nyingi si zile za rimu ya chuma, kwa kuwa namna ya kukaa kwenye tundu ni tofauti. Mtu akifunga aloi nne na kuacha akiba ya chuma, siku ya pancha atajikuta ana gurudumu zima na nati zisizolishika sawasawa.

Jambo ambalo hakuna mwanamume katika kikao aliyelitaja lilitajwa na mama mmoja wa kamati ya akina mama, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia akisikiliza. Alisema kwa sauti ya upole, "Wanangu, mnazungumza habari za mawe na matope. Mmewahi kumpandisha bibi wa miaka sabini kwenye gari hilo?" Akaeleza kwamba tangu gari linunuliwe, wazee wa kike hupandishwa kwa kushikwa makwapani, jambo linalowavunjia heshima, na mama mmoja mja mzito aliwahi kupiga goti kwenye chuma. Kijana aliyekuwa akiongoza hoja ya rimu alikuwa mjukuu wa bibi mmojawapo. Alitazama chini. Tuliandika kwenye muhtasari kwamba gari halitanyanyuliwa tena hata kwa sentimita moja, na kwamba fundi wa kuchomelea atatengeneza ngazi ya nyuma. Tunasema hili waziwazi kwa sababu gari lililonyanyuka ni jepesi kupinduka, uzito wake ukiwa juu, na kwenye kona za lami ya Kyaka kuja Bugene tumewaona madereva wa magari marefu wakizikata kama wanaendesha pikipiki.

Shauri la mzee wa tatu, la kununua mawili tu, lilikuwa na sura ya uchumi, na kwa gari la kawaida huenda lingesikika. Kwa gari linalofunga magurudumu manne pamoja halifai. Unapoingiza gia ya kuvuta mbele na nyuma, ekseli zote mbili hulazimishwa kuzunguka sawasawa. Matairi ya mbele yakiwa yameisha na ya nyuma mapya, vimo vyake havilingani, na tofauti hiyo lazima itokee mahali fulani: ama tairi liteleze, ama gia zibanane. Matopeni huteleza na hakuna anayejua. Penye ardhi ngumu hubanana, na siku gia zikisagika, fedha ya matairi mawili yaliyookolewa haitanunua hata robo ya matengenezo. Kwa sababu hiyo hiyo tumemkataza dereva kuacha gia hiyo ikiwa imeingia anapokuwa kwenye lami kavu.

Likabaki swali la aina ya kashata, nalo ndilo lililokuwa gumu kweli. Matairi ya matope hujisafisha yenyewe yanapozunguka, matope yakirushwa kupitia zile nafasi pana. Hilo ni kweli na vijana wana haki yao. Lakini hayo hayo huwa na mpira mchache unaogusa ardhi. Kwenye lami yenye maji husimama kwa kuchelewa, hulia njia nzima, na huisha upesi. Yale ya kati, ya njia zote, hushika vizuri lami na changarawe, na kwenye matope laini hujaa haraka. Katibu akaleta daftari la safari, maana tunaandika kila safari, na tukahesabu. Katika kila safari kumi, saba ziliishia kwenye lami au changarawe ngumu. Tukadhani hesabu imekata shauri. Kijana mmoja akasema, "Katibu, jeneza halichagui siku."

Hatukuwa na jibu la haraka, na mpaka leo tunaona alisema la haki. Gari la wakfu halipimwi kwa siku zake saba nyepesi. Kilichotuvusha ni madereva wa malori ya ndizi, wanaopita njia za Kyerwa mwaka mzima hadi Murongo. Hao karibu wote walituambia jambo moja: tairi jembamba na refu hukata matope na kutafuta ardhi ngumu chini, ambapo pana huelea juu na kuteleza. Udongo wetu mara nyingi ni utelezi wa vidole vichache juu ya ardhi iliyoshiba. Si kinamasi kisicho na chini. Walitwambia pia kwamba wao hubeba minyororo ya kufunga kwenye matairi ya nyuma, koleo na kamba nene. Basi fedha ya ndugu yetu, iliyokuwa itoshe matairi manne makubwa na rimu zake bila akiba, tuliona inatosha matairi matano ya 235/85R16 ya njia zote, yenye kashata kubwa kiasi na ubavu mnene, kwenye rimu zetu za chuma zilizonyooshwa na kupakwa rangi. Tulimwandikia kumwomba ruhusa ya kununua minyororo kwa kilichobaki, kwa kuwa sharti lake lilikuwa matairi tu. Akaridhia.

Ununuzi nao ulikuwa na somo lake. Duka la kwanza tulilokwenda, mjini, lilitupa bei nzuri mno. Matairi yalikuwa yanang'aa, karatasi zimebandikwa, vinyweleo vya mpira vimesimama. Tukainama kutafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambazo mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mawili yalisomeka 0814, wiki ya 8 ya mwaka 2014. Muuzaji akasema tairi ambalo halijatembea halizeeki. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, hukauka na kupasuka nyufa ndogo ndani ya ubavu, na watengenezaji wengi husema tairi lisitumike baada ya miaka 10 tangu litengenezwe hata kama kashata zake ni nzima. Tulimshukuru, tukaondoka. Wapo wasomaji wanaokumbuka enzi za kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kabla hakijasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo wengi wetu tunategemea yaliyosafiri baharini na kukaa maghalani, kwa hiyo namba hizo nne zisomwe kila mara, tena kwenye kila tairi, si kwenye lile moja lililotolewa mbele.

Upepo tutausema kwa ufupi, ingawa mafundi wanauona kuwa nusu ya tairi lenyewe. Kipimo tunanunua chetu, hatutegemei cha kituoni. Tunajaza kufuatana na kibao kilicho mlangoni mwa dereva, nyuma zaidi ya mbele kwa ajili ya mzigo, na tunapima asubuhi matairi yakiwa baridi. Mahali pa matope mabaya tunapunguza hadi 25 hivi, tairi litanuke chini na kushika, tunakwenda taratibu sana, na tukitoka tunajaza tena kwa pampu ndogo ya betri kabla ya kushika mwendo, kwani tairi laini likiendeshwa kwa kasi huchemka na kupasuka.

Kilima kile cha masika tumekipanda mara mbili tangu matairi yafungwe. Mara ya kwanza kilikuwa kikavu, hakuna la kusimulia. Mara ya pili kulikuwa na mvua ya usiku. Tulikwama pale pale tulipokwama na jeneza, tukapunguza upepo, tukafunga minyororo, na baada ya robo saa tukawa juu, kijana wa rimu za aloi akiwa ndiye aliyeshika koleo. Mvua kubwa zenyewe bado hazijafika.

Matairi matatu ya zamani yameegemezwa ukutani nyuma ya msikiti. Hayafai tena barabarani na hatutayauza kwa mtu mwenye gari. Anayeyahitaji kwa mkokoteni au kwa kupandia mboga afike baada ya Alasiri, amwone mtunza stoo, achukue.